Soksi ya Mkono wa Kushoto

Mlango wa dereva ulibonyea siku ileile mkono wa kulia wa Liberatus ulipokufa. Ilikuwa Jumapili, wanatoka kanisani, anakata kona aingie kwake pale Rujewa, mkono ukagoma kuzungusha usukani. Corolla ikajisugua kwenye nguzo ya geti, ikazima. Frida, mkewe, alikuwa kiti cha pembeni na Biblia mapajani, na kwa muda kidogo alidhani mume wake anamtania. Liberatus hakuwahi kugusa nguzo. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi, miaka kumi na tisa katika gereji moja ya Iringa mjini, na wenye kugusa nguzo ndio waliomlisha.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu kiharusi kile. Mguu ulikuwa umerudi, unaburuta kidogo. Maneno yalirudi, mojamoja. Mkono haukurudi. Liberatus akakigeuza kiti chake pale sebuleni, dirisha likabaki mgongoni, maana dirisha lilitazama gari. Mbele yake ukabaki ukuta, na kwenye ukuta ile saa.

Saa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimchoma Frida roho. Ndiyo aliyopewa mume wake na tajiri wa gereji siku alipoambiwa sasa kapumzike mzee. Miaka kumi na tisa bila mkataba, bila bima, bila hata miwani ya kuchomelea mpaka mafundi walipogoma mwaka wa kumi na moja, halafu mwisho wa yote saa ya plastiki yenye picha ya maporomoko ya maji. Ilisimama wiki ya tatu. Devota, binti yao, alitaka kuitupa, Frida akakataa.

"Iache hapohapo. Kuna siku mtu ataniuliza hii ni nini, nimweleze vizuri."

Ndivyo alivyokuwa. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba, na wateja wake walijua kwamba mama huyu hasahau. Angeweza kukutajia diwani yupi aliahidi kisima mwaka gani, na kreti ya soda aliyosimama juu yake ilikuwa ya rangi gani.

Devota alipiga simu kutoka Dodoma. "Mama, hilo gari si mlipeleke gereji tu? Au mliuze."

Frida alimweleza Liberatus habari ya gereji. Liberatus alitikisa kichwa.

"Hawa... ligusi," alisema.

Basi Frida akaamua atajifunza mwenyewe. Hakuwa na mpango wa kufungua biashara. Alitaka mlango mmoja tu, unyooke, ili kiti kigeuke. Kila cherehani ilipopumzika aliangalia video kwenye simu, watu wa nchi za mbali wakivuta mabati ya magari yao kwa raha zao siku za mapumziko, na akaona kwamba mikono yao si tofauti na yake.

Alipouza magunia manne ya mpunga alipanda gari hadi Mbeya, akaenda Mwanjelwa, kwenye duka la vifaa alilokuwa akiliona kila anapokwenda kununua vitambaa. Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu, Joyness.

"Nataka mashine ya kuchomelea. Isiyo ya bei kali."

"Ya kazi gani, mama?"

"Mlango wa gari."

"Basi chukua hii, ampea mia tatu. Hii inachomelea mpaka trekta."

"Mimi sina trekta."

"Je, ukilipata?"

Wakacheka. Frida aliinyanyua mashine, ikamshinda kidogo, na uzito ule ukampendeza. Alifikiri kishonaji: cherehani nzito ndiyo inayodumu, zile nyepesi zinatikisika hata ukishona mfuko wa shati. Wakaijaribu palepale kwenye kipande cha chuma kinene cha dirisha, ikawaka kama radi. Akalipa.

Kitu ambacho hakukifikiria, na ambacho mtu wa Mbeya mjini hana sababu ya kukifikiria, ni kwamba ulikuwa msimu wa kukoboa. Mtaani kwao Rujewa mashine za mpunga zilikuwa saba, na zote zikiwaka, taa za nyumba zinakuwa nyekundu kama macho ya mgonjwa. Iliyo karibu zaidi ilikuwa ya Abrahamu, ng'ambo ya ua wa matete.

Jumanne asubuhi Frida alitoa betri ya gari, akaloweka gunia akaliweka karibu kama alivyoona kwenye video, akabana waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, kwenye bodi, akashusha ngao ya uso. Ngao ndiyo kitu cha kwanza alichonunua. Alikuwa amemwuguza Liberatus macho miaka mingi, akimbandika vipande vya viazi vibichi, naye analia machozi bila huzuni yoyote.

Fimbo ya kuchomelea ilinata kwenye mlango. Akaing'oa. Ikanata tena. Badala ya cheche alipata mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo. Majirani wawili walikuwa wamesimama getini.

"Mama Devota, unachomelea au unabandika stempu?"

"Ninyi endeleeni. Nikimaliza mlango nawahamia midomo."

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba. Fundi wa bodi husikiliza moto. Ukiwa sawasawa unalia kama maandazi kwenye mafuta, na Liberatus alikuwa akisikiliza, mgongo dirishani.

"Ongeza," alisema.

Miezi minane, ukiacha lile la gereji, hakuwa amesema neno lolote kuhusu gari. Frida alisikia mwili mzima umemsisimka. Akaongeza. Fimbo ikanata.

"Ongeza."

Akazungusha kitufe mpaka kikagota. Fimbo ikaanza kushika, kidogo, kwa shida, na mama wa watu akajisahau kwa furaha. Saa sita na nusu kamili wakoboaji wote wa mtaa walizima mashine wakaenda kula ugali. Umeme uliokuwa ukigawanywa mara saba ukarudi wote kwa mkupuo. Fimbo ilinguruma mara moja tu. Alipoinua ngao aliona mlango wa Corolla una tundu la kupita kidole gumba, na pembeni yake bati jekundu linapoa.

Liberatus alitoka. Alisimama mlangoni akiegemea fremu, akaliangalia tundu. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alirudi ndani, mguu ukiburuta, na jioni wakati wa kula alisema, "Nimempigia... Sedekia."

Sedekia alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu wa Igawa, pale barabarani. Magari aliyachukua mazima akayakata vipande.

"Lini?"

"Jumamosi."

Frida aliosha vyombo akitafuta wa kumkasirikia. Kwa kawaida hakukosa. Alianza na tajiri wa gereji, akaja kwa aliyeitengeneza ile mashine, akapita kwa wakubwa wote waliosema umeme wa uhakika uko njiani, akarudi mpaka kwenye lile duka la Mwanjelwa. Lakini kila aliyemkamata aliteleza, na aliyebaki mkononi alikuwa yeye mwenyewe, na kitufe chake kilichogota. Gari likiondoka, mumewe atabaki na saa.

Jumatano alfajiri aliifunga mashine kwenye kanga mbili, akaipakia kwenye basi la Iringa. Basi liliposimama Nyololo, abiria wenzake walishuka kununua viazi vya kuchemsha. Yeye alibaki amebana mzigo kwa magoti.

Duka la mzee Fidahussein liko kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Liberatus alinunua hapo msasa na rangi miaka yote. Fidahussein alizaliwa Iringa, na baba yake, na babu yake, na Kihehe alikijua kuliko watoto wengi wa Kihehe wa leo.

"Kamwene, shemeji!"

"Kamwene, mzee Fida."

"Ndugu yangu hajambo?"

"Yupo. Anaangalia ukuta."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafungua zile kanga mwenyewe, polepole, kama mtu anayemvua mtoto nguo za baridi. Frida akamsimulia yote, hadi tundu.

"Kwenu sasa wanakoboa?"

"Kutwa."

"Volti ulipima?"

"Nipime na nini, mzee Fida, na futi ya kushonea?"

Fidahussein alicheka hadi akakohoa. "Sikiliza, shemeji. Hii mashine siyo mbaya. Hii ya mageti. Inataka umeme ulioshiba. Wa kwenu una njaa mpaka saa sita, halafu unakula kwa pupa. Na hiyo mia tatu ni ya kwenye rangi tu, ndani haifiki hata mia mbili. Aliyeichora anajua mtu akitoka shamba anaangalia namba kwanza."

"Huyo nitamkumbuka."

"Mkumbuke. Lakini leo tufanye kazi."

Alishusha kutoka rafu ya juu kiboksi cha bluu, kidogo kama mkoba wa kwenda kanisani. "Hii inaanza ampea ishirini. Umeme ukishuka hadi volti mia na sitini bado inafanya kazi, nimeijaribu hapahapa siku ya mgao."

"Kidogo hivi?"

"Wewe kitenge unakishona kwa sindano ya turubai?"

Frida alikipokea kile kiboksi. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza hivyo, si kwenye video wala Mwanjelwa. Bati la mlango wa gari ni kitenge. Alikuwa amekwenda kununua sindano ya turubai kwa sababu ilikuwa nzito.

Mzee aliongeza pakiti ya fimbo nyembamba kuliko alizokuwa nazo, na mfuko wa washa ndogo za chuma, zile pete zinazokaa chini ya nati. Frida akanyoosha kidole kwenye nyundo ya kuvutia bodi iliyoning'inia ukutani, inang'aa.

"Hiyo usinunue," alisema Fidahussein. "Chukua hii." Akatoa chini ya meza rodi ya shokapu ya zamani, ina ndoano mbele na kipande cha chuma kizito kinachoteleza juu yake. "Mafundi wa Ipogolo wanatengeneza wenyewe. Inavuta vilevile."

Frida hakuzoea mwenye duka kumwambia usinunue. Alimtazama akitafuta hila iko wapi. Kisha kumbukumbu yake, ambayo kwa kawaida ilimletea watu wa kugombana nao, ikamletea kitu kingine: mwaka ule wa mgomo mafundi walikaa siku tatu kwenye baraza la duka hili, na matajiri wenzake walimtumia mzee Fida ujumbe awafukuze, naye hakuwafukuza. Liberatus alikuwa mmoja wao. Alimweleza Frida kwa barua, akaandika kwamba walipewa chai yenye tangawizi.

"Hii kubwa niachie," mzee alisema. "Kuna fundi mageti anaitafuta. Tunabadilishana, basi. Sasa njoo nyuma."

Uani aliweka madebe matupu ya mafuta, akalikata moja kwa mkasi wa bati. "Chomelea. Bati jembamba, ukilivuta mstari mzima linajikunja."

"Kama shingo ya gauni," alisema Frida. "Ndiyo maana tunapiga bandi kwanza."

"Bandi ndiyo nini?"

"Mshono wa kushikiza. Mmoja hapa, unaacha, mmoja kule."

"Ehee! Hiyohiyo! Moja hapa, moja mbali, unasubiri lipoe, ya tatu katikati."

Debe la kwanza alilitoboa. La pili alilitoboa mara mbili. La tatu lilishika, na zile nukta zilikuwa zimepangana kwa nafasi sawasawa, kama alivyopanga vifungo maisha yake yote. Mzee Fidahussein aliinama akaziangalia.

"Sasa mlango Liberatus atauhakikisha mwenyewe," alisema. "Mvalishe soksi."

"Soksi ya nini?"

"Hujui? Liberatus akinyoosha bati, macho anafumba. Anavaa soksi mkononi, anapapasa. Kidole kitupu kinanata, kinakudanganya. Kwenye soksi kinateleza, kila kibonde unakisikia. Watu walikuwa wanakuja kumtazama tu. Mkono wa kushoto, maana wa kulia ulishika nyundo."

Frida alikaa juu ya debe. Miaka yote ile mume wake alipokuwa akirudi mwisho wa mwezi, alimfulia soksi, na kila jozi ilikuwa na moja iliyosagika, imejaa vumbi la rangi nyekundu lisilotoka. Alizitia viraka akinung'unika, huyu mwanaume anatembeaje? Aliwahi hata kumnunulia dawa ya miguu.

"Wa kushoto," alisema.

"Wa kushoto, shemeji."

Alhamisi alikuwa nyumbani. Kwanza alikwenda kwa Abrahamu.

"Baba, nakuomba kitu. Ukitaka kuzima mashine, nipigie kelele. Ukitaka kuwasha, vilevile."

"Hii ya leo mpya. Kwani unanichumbia?"

"Nachomelea. Umeme ukibadilika ghafla unanitobolea."

Abrahamu alikuna kichwa kilichojaa pumba za mpunga. "Na wenzangu nitawaambia. Tukizima, tunapiga yowe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku nzima ya Ijumaa. "Tunazimaaa!" na Frida anapunguza. "Tunawashaaa!" na Frida anaongeza kidogo, kidole kimoja tu. Aliziba tundu kwa kipande cha boneti kuukuu alichopewa na mzee Fida, bandi moja moja, akipoza kwa kitambaa chenye maji. Kisha akashikiza washa katika mstari juu ya bonde, akaingiza ndoano kwenye tundu zake, akakitelezesha kile chuma. Ngo. Ngo. Bati likaanza kurudi, kwa shingo upande, kama mtoto aliyenuna akiitwa mezani.

Ndani palikuwa kimya. Hapakuwa na "ongeza" wala "punguza".

Jioni aliingia, akamwekea Liberatus soksi moja juu ya goti. Ya kijivu, ina kiraka kwenye unyayo.

"Mzee Fida anakusalimu. Kanieleza kazi ya hii."

Liberatus aliitazama.

"Nilikununulia dawa ya miguu, Baba Devota. Ukaipaka. Kwa nini uliipaka?"

Midomo yake ilihangaika kwanza. "Ulinunua... wewe," alisema.

Frida alitoka haraka kwenda jikoni, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumamosi saa nne Sedekia alifika na kigari chake chenye winchi. Frida alikuwa ameshang'oa washa zote na kusaga alama zake, ameupiga mlango msasa, anausugua kwa tambara. Kwa macho yake ulikuwa umenyooka. Sedekia alilizunguka gari, mikono nyuma.

"Mama umejitahidi, sitanii. Lakini mimi nanunua kwa kilo, unyooke usinyooke ni kilo zilezile. Mzee yuko wapi tufunge kamba?"

"Kunywa chai kwanza."

"Nimeshakunywa."

"Kunywa tena."

Alimmiminia, chai ikamwagikia kisahani. Maneno yake yote ya miaka hamsini na saba, ya kuwasema madiwani na matajiri, hayakuwa na kazi hapa. Gari lilikuwa la Liberatus, na Liberatus ndiye aliyepiga simu.

Mguu ukasikika ukiburuta barazani.

Soksi alikuwa ameivaa. Lazima aliivuta kwa meno, maana ilikuwa imekaa upande, kisigino kimeangukia kwenye kidole gumba. Hakumsalimia Sedekia. Alikuja hadi mlangoni pa gari, akafumba macho, akaweka kiganja pale bati linapoanza, akakisogeza polepole kuelekea nyuma. Alipita kwenye kiraka cha boneti. Akarudi. Akapita tena, chini zaidi. Frida alisogea karibu. Hakuwahi, kwa miaka thelathini ya ndoa, kumwona mume wake akifanya kazi yake.

Kiganja kilisimama.

"Hapa," alisema Liberatus.

Frida aliinama kuangalia. Hakuona kitu. Aliweka kidole, hakusikia kitu. Liberatus akaishika soksi kwa meno, akaivua, akampa. Frida akaivaa, bado ina joto, akapapasa mahali palepale, na hapo akakisikia: kibonde kidogo, chepesi, kama alama ya kidole kwenye unga wa chapati.

"Mungu wangu," alisema.

"Weka... washa moja," alisema Liberatus. "Ampea ishirini na tano. Vuta pole."

Sedekia aliweka kikombe chini. "Mzee, sasa nipakie au nisipakie? Nina safari ya Igurusi."

"Nenda," Liberatus alimwambia. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, akatafuta maneno mengine hadi akayapata. "Samahani kwa... mafuta yako."

Sedekia aliondoka akilalamika, lakini chai aliimaliza kwanza. Frida alibana waya wa ethi, akaweka washa, akashusha ngao. Kisha akaiinua tena, akaenda ndani kuchukua miwani ya kuchomelea ya akiba, akamvika mume wake, akamwekea vizuri nyuma ya masikio, akamrudishia na soksi mkononi. Ng'ambo ya ua Abrahamu akapiga yowe: "Tunazimaaa!"

"Punguza," alisema Liberatus.

"Nimesikia. Nilikuwa nafanya bila wewe jana kutwa."

"Punguza... zaidi."

Akapunguza. Moto ulilia mara moja, mfupi, kama andazi linapoguswa na mafuta, na mume wake akaitikia kwa kichwa. Ndoano ikaingia. Ngo. Liberatus aliinua kiganja amsimamishe, akapapasa, akamruhusu. Ngo.

Baada ya mara ya nne alionekana kuchoka, mguu ule mbaya ukaanza kucheza. Aliangalia huku na huku.

"Mama Devota. Kiti."

Frida aliingia sebuleni. Kiti kilikuwa palepale, kimetazama ukuta na ile saa isiyokwenda. Alikibeba kwa mikono miwili, kikagonga fremu ya mlango akitoka nacho, akakiweka uani mbele ya Corolla. Akakisogeza karibu zaidi, mpaka mkono wa kushoto ukalifikia bati.